Vitana vya Henriette

Kila asubuhi Henriette alishuka ziwani na beseni la vipande vya plastiki. Vilikuwa vimekatwa kutoka kwenye mabidoni mabovu ya kuchotea maji. Aliviosha, kisha akavianika mchangani, kando ya ndakala, dagaa wa jirani. Akimaliza, alisimama kidogo akitazama upande wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Kigoma haionekani kutoka Kalemie, lakini alitazama tu.

Mume wake, Apollinaire, alikuwa huko, akibeba mizigo bandarini. Zamani walitengeneza vitana vya nywele pamoja, kwa mashine ya mkono. Plastiki iliyeyuka ndani ya silinda, kisha ikasukumwa kwenye kalibu, yaani chuma chenye umbo la kitana. Lakini vitana vilitoka vibaya, na wauzaji wakavikataa.

"Siku watakapovitaka, uniite," Apollinaire alisema akiondoka. "Nitapanda boti ya kwanza."

Shati lake la kazi lilibaki kwenye msumari. Henriette hakulifua, maana lilikuwa na harufu yake.

Siku moja alipeleka vitana vipya sokoni. Mama Hortense, muuzaji, alipitisha kidole juu ya kimoja.

"Mwanangu, hiki kitana kimeshikwa na surua?"

Wanawake wa karibu walicheka. Kitana kilikuwa na michirizi myeupe, vidoa na mabaka.

"Nikimuuzia muntu hiki, kesho atanirudishia pamoja na matusi," Mama Hortense akasema.

Henriette alirudi navyo nyumbani. Jirani yake, Mama Mado, alimkuta amekaa mbele ya mashine. Mama Mado aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha plastiki huko Lubumbashi.

"Unalilia vitana ama unamlilia Apollinaire?"

"Yote njo jambo moja, Mama."

Mama Mado akavuta kigoda. "Nionyeshe namna unavyofanya. Usifiche kitu."

Henriette akaleta beseni. Mama Mado alizamisha mkono mpaka chini.

"Juu pakavu, chini majimaji. Maji yakiingia kwenye silinda ya moto, yanageuka mvuke. Mvuke njo unachora hii michirizi. Na hivi vidoa, vingine ni mchanga. Unaanika plastiki kama ndakala. Ndakala utaziosha kabla ya kupika. Plastiki ikishayeyuka, mchanga utautoa wapi?"

"Na hivi vyeusi?"

"Ni plastiki iliyoungua. Ukienda kusonga ugali, unaiacha ndani ya silinda na moto unawaka?"

Henriette akatazama chini. "Ninaiacha."

Kisha akachukua chupa ya mawese, akaanza kupaka kalibu kwa kidole.

"Ngoja. Hayo ya nini?"

"Kitana kisinate. Hata sufuria ya mikate ninaipaka."

"Basi unapika mikate yenye meno," Mama Mado akasema, na Henriette akacheka kidogo. "Mafuta yanabaki juu ya kitana, njo haya mabaka. Futa kalibu kwa kitambaa kikavu. Acha kitana kipoe, kitajiachia chenyewe."

Tangu hapo Henriette alianika plastiki juani, juu ya shuka safi, kwenye kichanja. Aliigeuza mpaka vipande vya chini vikauke kama vya juu. Kalibu aliifuta, hakuipaka kitu. Na kila alipotaka kupumzika, alisukuma nje plastiki yote iliyoyeyuka, ndipo akazima moto wa mashine.

Sokoni, Mama Hortense alipitisha kidole tena juu ya kitana kipya. Kidole hakikukwama popote. Akachomeka kitana kimoja kwenye nywele zake mwenyewe.

"Leta vingine," akasema.

Henriette alituma neno kwa wafanyabiashara wa boti za Kigoma: "Mumwambie wanavitaka."

Apollinaire alifika asubuhi moja, amekonda. Alimsalimu mke wake, kisha akaweka mkono kwenye mashine, kama mtu aliyeiota mara nyingi.

"Usiguse kwanza," Henriette akasema. "Plastiki haijakauka."

"Itakauka lini?"

"Jua likipanda."

"Sasa mimi nifanye nini?"

Henriette akasogea kidogo kwenye mkeka.

"Kaa hapa. Tungoje."