Sekunde Nne Kabla ya Kahawa

"Aliyeidhinisha ni Tove."

Sixten alisema hivyo mbele ya watu wanane, macho yake kwenye kikombe. Hata kunitazama hakunitazama!

Jamani… huyu ni mtu niliyekaa naye meza moja miezi sita. Na siku moja kabla ya kipindi changu cha majaribio kazini kuisha, kaniuza mchana kweupe!

"Tove, ni kweli?" bosi wetu Gunvor akauliza.

"Subirini nimalize…" Sixten akaanza.

"Umalize nini tena? Si umeshanimaliza!"

Nikabeba kompyuta yangu nikatoka, na mlango nikaubamiza. Kwetu Uswidi mtu hapigi kelele kikaoni. Mimi siku hiyo nilipiga.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo mnielewe.

Mimi ni fundi wa mtandao kwenye hospitali moja ya mkoa, huku kaskazini. Tuna swichi sitini na mbili, vile visanduku vya chuma vinavyounganisha mashine zote. Ndani ya kila swichi tumepitisha barabara kadhaa za mtandao zisizoonana. Kuna ya mashine za ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, kuna ya kamera za milangoni, kuna ya wageni wanaotazama video wakisubiri ndugu zao. Mgeni hawezi kuingia barabara ya ICU hata afanyeje.

Zamani Sixten alizitengeneza kwa mkono, swichi moja baada ya nyingine. Ana miaka sitini na nne. Mimi nikaja na programu yangu: andika orodha ya barabara mara moja, bonyeza, swichi zote zinajipanga ndani ya dakika moja.

Kichwa kilivimba, sikatai.

Sixten alikuwa na tabia iliyonichekesha sana. Kabla ya kubadilisha chochote kwenye swichi, anaiachia agizo: nisipokuthibitishia ndani ya dakika kumi, rudi kama ulivyokuwa. Halafu anazungusha saa ya jikoni, ile ya kuchemshia mayai, nyekundu yenye umbo la nyanya, anaiweka mezani inalia tiki, tiki, tiki.

"Mzee wa mayai!" nilikuwa namtania. "Hujiamini tu wewe."

"Najiamini. Ila mikono yangu naijua."

Nikamwambia programu yangu haihitaji mayai.

Sasa njooni kwenye Alhamisi yenyewe.

Sheria yetu ni moja. Badiliko haliendi kwenye swichi mpaka mtu wa pili alisome na kuliidhinisha. Likishaidhinishwa, baada ya dakika tano programu inalipeleka yenyewe.

Saa tatu na dakika ishirini na tisa asubuhi, ombi likatokea kwenye skrini yangu. Limetoka kwa Sixten. Alikuwa ndiyo anajifunza programu yangu, na Gunvor alimwambia aongeze barabara mpya ya mashine za maabara.

Na saa tatu na nusu kwetu ni kahawa. Kahawa hiyo haisubiri mtu, na ukikosa bila sababu watu wanaona unawaringia. Viti vilishaanza kusogezwa.

"Tove, kahawa!" Sixten akaniita kutoka mlangoni.

"Nakuja!"

Nikabonyeza kuidhinisha, nikaenda.

Nilikuwa nang'ata andazi la mdalasini kwa mara ya pili simu yangu ilipolia.

"Ni Majken, ICU! Skrini za kwenye meza yetu zote zimekuwa nyeusi!"

"Zote?"

"Zote tisa! Sioni moyo wa mgonjwa hata mmoja! Mashine za vitandani zinafanya kazi, lakini mpaka usimame palepale. Nina wauguzi wanne na vitanda tisa, Tove!"

Andazi nikalitupa mezani.

Nikashuka ngazi mbio hadi chumba cha swichi, simu sikioni. Nikafungua swichi ya kwanza. Barabara ya ICU haipo! Ya kamera haipo! Imebaki moja tu, ile mpya ya maabara.

Swichi ya pili, hivyohivyo. Ya tatu, hivyohivyo!

"Majken, uko hapo?"

"Nazunguka vitanda. Wa nne yuko sawa. Wa tano yuko sawa…"

Ghafla akapaza sauti.

"Kitanda cha sita! Njooni huku, mapigo yanavurugika!"

Nikasikia viatu vinakimbia. Mtu akaagiza dawa kwa sauti. Mimi nywila naikosea mara tatu. Nilijua kabisa kwamba mtu akifa pale, ni mtandao wangu uliomuua.

Halafu, saa tatu na dakika arobaini na nne, barabara zote zikarudi.

Zenyewe! Sikuwa nimegusa kitu!

"Skrini zimewaka," Majken akasema, anahema. "Na wa sita tumemuwahi. Muuguzi wangu alikuwa amesimama palepale. Umefanyaje?"

"Sijafanya kitu," nikamjibu.

Ndipo kikaitwa kikao cha saa tano. Gunvor akauliza nani aliidhinisha badiliko, na Sixten akanichoma kama mlivyosikia.

Nilikaa kwenye ngazi nalia kwa hasira. Nikaunganisha mambo mwenyewe. Ameandika yeye, ameleta dakika moja kabla ya kahawa, na yeye huyohuyo ndiye aliyeniita! Anataka programu yangu ife ili arudi kuwa mfalme wa swichi. Kikulacho ki nguoni mwako!

Nikafungua kumbukumbu za programu nitafute ushahidi wa kumzika nao.

Nikaupata mstari wa saba. Palitakiwa kuwe na neno la kuiambia programu "ongeza hii kwenye zilizopo". Yeye kaweka la kusema "hizi ndizo pekee, futa nyingine zote". Na orodha yake ilikuwa na barabara moja.

"Nimekupata, mzee!"

Nikapandisha juu kidogo… na hapo ndipo nilipoishiwa pozi. Kulikuwa na ujumbe wake.

"Tove, bado mimi ni mgeni kwenye programu yako. Neno la mstari wa saba nimelinakili kutoka kwenye zoezi, sina uhakika nalo. Naomba ulisome taratibu, hata baada ya kahawa. Mwishoni nimeweka saa yangu ya mayai. Nisamehe, ikiwepo nalala vizuri."

Nikashuka hadi mstari wa thelathini na nane. Ipo! Peleka, kisha ziulize mashine za ICU. Zisipoitika ndani ya dakika kumi, rudisha kila kitu.

Kumbe kilichoturudisha ni ile saa niliyoicheka.

Nikaenda kwa Gunvor miguu mizito.

"Sikusoma," nikamwambia. "Niliidhinisha bila kusoma."

Akanigeuzia skrini yake. "Ulifungua ombi, ukaidhinisha baada ya sekunde nne. Mistari arobaini na moja, Tove. Niliona kabla ya kikao."

"Na Sixten…"

"Ulipobamiza mlango, alimalizia sentensi yake. Alisema aliyeandika kosa ni yeye."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mkataba wako tutauongea kesho," akasema. "Sasa hivi nenda kitanda cha sita, ukamweleze mgonjwa kilichotokea. Uende mwenyewe."

Nikaenda. Majken akanifungulia pazia.

Kitandani alilala mama mmoja, mweupe kama shuka lake. Pembeni ameketi Sixten, amemshika mkono.

"Tove," akasema, "huyu ni Barbro. Mke wangu."

Mke wake, jamani!

"Yuko hapa tangu Jumanne," akaendelea. "Kikaoni sikukutazama kwa sababu nilikuwa na hasira. Na wewe, na mimi mwenyewe."

"Sixten… mbona hukuniambia? Ningejua yuko humu, ningesoma kila neno!"

Akanitazama, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Hicho ndicho kilichonikasirisha," akasema. "Kila kitanda humu kina mtu wake."

Nikamwomba Barbro msamaha, naye akanibonyeza vidole kidogo.

Kesho yake nilisaini mkataba. Sixten kastaafu Juni, na ile nyanya nyekundu sasa inakaa kwenye meza yangu.

Wenzangu wakiniita kahawa siku hizi, nawajibu, "Nasoma kwanza." Wananiita mama wa mayai, na kahawa naikuta imepoa. Nainywa hivyohivyo.

Na wewe unayesoma hapa, jina lako likiwekwa chini ya kazi ya mwenzako, isome kwanza. Usingoje kujua nani amelala kitanda cha sita.