Marobota ya Mgombea

"Mzigo umetoka Buterere. Hilux nyeupe. Mzigo usifike ofisini Rohero."

Redio ya Motorola ikanyamaza. Twalibu, mpelelezi wa mwaka wa tisa, akaichochea pikipiki yake ya Yamaha, jua la saa nne likimchoma mgongoni.

Chanzo kilikuwa sheria mpya. Serikali ilimpa kila mgombea urais fungu sawa la fedha za kampeni, mwenye nacho na asiye nacho. Ila ukilipokea, kisha ukashika hata faranga au zawadi ya mtu mwingine, jina lako linafutwa. Mwalimu Anselme alilipokea, maskini wa watu, maana hakuwa na kitu ila neno lake la amani. Vita vilipoingia mtaani kwao, ndiye aliyewaficha Twalibu na mdogo wake chini ya kitanda siku kumi na moja. Sasa wageni wauza silaha walimletea marobota ya vitenge vyenye sura yake. Vikifika tu ofisini kwake, wangekuwa na siri ya kumkaba nayo akishinda, na vita wangeviendesha wapendavyo.

Twalibu aliipita Hilux kando ya mashamba ya mpunga, akaizibia njia, akachomoa bastola yake ya Browning.

Mgeni mmoja akainua mikono. Dereva akashuka mwenyewe.

Waridi. Mdogo wake wa tumbo moja, yule wa chini ya kitanda.

Ya Rabi!

Waridi hakulia. Alimweleza kuwa Mwalimu hajui lolote, ni yeye Waridi aliyeagiza vitenge. Mkutanoni kwa Mwalimu watu walisikiliza dakika kumi, wakaulizia kitenge na sukari, wakahamia kwa mgombea tajiri. Mkono mtupu haulambwi.

"Kaka, we tuache tupite," alisema. "Mi najua watu wetu. Bila kitenge hawamupi kura."

Twalibu alijua ni kweli, na ndicho kilichomuuma. Akawatia pingu wote wawili. Moyo ulimpasuka palepale barabarani, nasema wazi. Kisha akabonyeza redio.

"Mzigo umeshikwa. Mgombea ni safi."

Safi! Usafi unapikwa ukaliwa?

Siku ya matokeo alimpelekea Waridi wali gerezani. Waridi hakufunua sahani.

"Mwalimu ameshinda?"

"Apana. Amekuwa wa mwisho."

Waridi akamrudishia sahani yake. Twalibu akavaa Ray-Ban, akatoka taratibu bila kugeuka. Miwani ile ilimsitiri hadi getini tu.