Ufunguo wa Nguzo ya Kati

Jamani majirani, na hasa nyinyi wa ng'ambo ya mfereji, naomba mnisikilize. Mimi shule niliishia ya msingi, maneno makubwa sina. Nina watoto, nina hofu, na nina jambo nililoliona kwa macho yangu mwenyewe. Nitalieleza kama lilivyokuwa.

Kichochoro chetu mnakijua. Kinaanzia barabarani pale kwenye kibanda cha kinyozi, kinashuka kwa kujipinda, kinaishia kwenye ukuta wa ghala. Njia ni hiyo moja, ya kuingia na ya kutoka. Zamani mchana wetu ulikuwa na raha yake. Kamba za nguo zimejaa, watoto wanachora chini kwa mkaa, na kule mwisho kabisa, mlango umepakana na wa kwangu, cherehani ya mshonaji inalia. Nikiwa nafua nilijua anashona nini kwa kusikia tu. Sare za shule zilikwenda mbio bila kusimama. Gauni la bibi harusi lilikwenda kwa kusitasita, kama mtu anayepita kwenye tope na viatu vipya.

Mume wake ni fundi wa ujenzi. Tulimwita Fundi Zege, kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya kichwa chake pia. Waliishi na mama yake mzazi, ambaye mtaa mzima tulimwita Bibi. Masikio ya Bibi yalikuwa yamechoka, magoti yamechoka, ila ulimi ulikuwa mzima kabisa.

"Mkwe wangu," alikuwa akisema pale mlangoni, "leo unanipikia au unanionyesha moshi tu?"

"Mama, hebu tulia. Umekula uji wa watu wawili asubuhi."

"Huyo wa pili alikuwa nani? Mbona simkumbuki?"

Mshonaji anacheka mpaka anaacha kukanyaga cherehani. Walipendana wale, mkwe na mama mkwe, mpaka wengine tukawaonea wivu.

Siku moja wakaja vijana wenye fulana za kung'aa, na utepe wa kupimia na kopo la rangi nyekundu. Hawakusalimia mtu. Walipima, wakachora alama kwenye kuta zetu, mlango kwa mlango, wakaondoka. Kesho yake akaja afisa wa mji, mama mmoja mpole mwenye miwani. Akatueleza kwamba mji unafikiria kubadilisha matumizi ya ardhi yetu. Hapa pamekuwa pa makazi, sasa wanataka pawe pa biashara na maghorofa. Akasema bado haijaamuliwa, kutakuwa na mkutano kwenye ukumbi wa mji, na mwenye pingamizi aje alitoe.

"Tukija mtatuandika kwamba tumekubali," akadakia kinyozi.

"Mtaandikwa kwamba mmekuja, ndugu yangu."

"Si ndiyo hayo hayo!"

Watu wakacheka na kupiga makofi. Yule mama akavua miwani yake, akaifuta, akaondoka.

Sasa niseme jambo moja msije mkanielewa vibaya. Hofu yetu ilikuwa ya haki. Vyumba hivi ndimo tulimolelea watoto, na shule wanakwenda kwa miguu. Ghorofa likisimama, mpangaji wa chumba kimoja ataelekea wapi? Silaumu kupinga hata kidogo. Ninachokililia ni namna tulivyopinga.

Kamati ikaundwa palepale kwenye kibanda cha kinyozi, na Fundi Zege akawa mwenyekiti, maana alikuwa na sauti kutupita wote. Akasema dawa ni moja, tuufunge mdomo wa kichochoro.

"Tingatinga haliruki," akasema. "Likikosa njia, limekosa mtaa. Nitasimamisha nguzo tatu za bomba la chuma, nizijaze zege mpaka juu. Waje na meno yao."

Tukashangilia. Mkewe alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anachomoa nyuzi kwenye pindo la suruali ya mteja. Akainua uso.

"Na gari la wagonjwa litapita wapi? Mama akizidiwa je? Na mtoto wa jirani mwenye pumu?"

Huyo mtoto mwenye pumu ni wangu, kitinda mimba wangu. Nikasema, "Jamani, hilo ni la kweli." Lakini kinyozi alikuwa ameshaanza.

"Shemeji, au wewe wameshakugawia chumba cha duka kwenye ghorofa lao? Tuambie tu, tutakuja kushona."

Kicheko kikazuka kila upande. Mshonaji hakucheka. Na mumewe pia hakucheka. Alimtazama mkewe kama mtu anayetazama noti asiyo na hakika nayo. Jicho lile nililiona, wala sikulipenda.

Mwishowe wakakubaliana kwamba nguzo ya kati iwe ya kuchomoka, ifungwe kwa kufuli kubwa, ili ikibidi gari lipite. Nikashusha pumzi. Kumbe shida ndiyo kwanza inaanza. Ufunguo akae nao nani?

"Yeyote atakayekaa nao watamhonga," akasema kinyozi.

"Basi asijulikane," akasema Fundi Zege. "Ufunguo utahama nyumba kwa nyumba. Nitakayempa, tutajua mimi na yeye tu. Wasipomjua, watamhonga nani?"

Nguzo zikasimama, na mpango huo ulipendwa kuliko hata nguzo zenyewe. Tulijiona wajanja. Lakini angalieni ulivyotufanya. Kuanzia hapo kila mmoja akawa anamchungulia mwenzake. Mama mmoja alibadilisha mapazia, tukaulizana kayatoa wapi. Mtu akichelewa kutoka kazini aliulizwa amepitia ofisi gani. Tuliokuwa tunaazimana hata chumvi tukaanza kufunga milango mchana. Na mshonaji, kwa kuuliza lile swali lake moja, akaitwa Mama Ghorofa. Alilibeba jina hilo akiwa ameuma midomo.

Siku ya mkutano wa ukumbi wa mji ikafika. Kamati ilipita kila nyumba kusema asiende mtu, atakayekwenda ni msaliti. Hakwenda mtu. Yule afisa akaja kwetu mwenyewe kwa miguu, akasimama nje ya nguzo.

"Niliwasubiri," akasema. "Viti vilikuwa vitupu." Kisha akaigusa ile nguzo ya kati. "Na zimamoto watapita wapi hapa?"

"Kwetu hakuungui," akajibu kinyozi, wembe mkononi, na mteja wake akacheka na povu lake kidevuni.

Haukupita muda mrefu.

Ilikuwa mchana, jua kali. Mshonaji alikuwa anapiga pasi sare za shule, umeme ukakatika. Nyinyi mnaojua kukatiwa umeme mnajua mtu anavyochoka kusubiri. Akakunja zile zilizokuwa tayari, akazibeba kuzipeleka shuleni. Pasi akaiacha imelala juu ya kitambaa, ikiwa bado kwenye soketi. Bibi alikuwa amejinyoosha chumba cha ndani. Umeme uliporudi, mtaa mzima ulipiga ukelele wa furaha. Mimi pia nilipiga.

Nilichokisikia baadaye ni mwanangu anakohoa. Nikatoka kumtazama, nikaona moshi unatoka chini ya mlango wa jirani, mweusi, mzito, una harufu ya nguo.

Tulipiga kelele. Tukabeba ndoo, tukabeba masufuria, mtu mmoja alikuja na birika la chai. Wanaume wawili wakapiga mlango kwa mabega. Na niwaambie ukweli, zimamoto hawakuchelewa. King'ora tulikisikia upesi, tukashukuru. Kisha kikasimama. Kikawa kinalia mahali pamoja, hakisogei.

Gari lilikuwa kwenye nguzo.

"Ufunguo!" askari wa zimamoto wakapiga kelele kutoka juu barabarani. "Nani ana ufunguo?"

Hapo ndipo nilipoona aibu ya mtaa mzima kwa pamoja. Tuliangaliana. Mmoja anasema uko kwa kinyozi. Kinyozi anaapa kwamba alishaurudisha. Mwingine anasema uko kwa mwenye duka, mwenye duka analia kwamba yeye hajawahi kuushika. Tukampigia simu Fundi Zege. Simu inaita, haipokelewi. Alikuwa juu ya jukwaa la ujenzi, anamwaga zege, koti lenye simu limetundikwa chini. Askari wakaanza kuipiga ile nguzo na kufuli lake kwa nyundo. Ilikuwa kazi ya fundi hodari, hata haikutikisika. Wakavuta mpira wa maji kwa miguu, ukafika katikati ya kichochoro ukaishia hapo, unamwagia maji milango isiyoungua.

Wale wanaume wawili ndio waliomtoa Bibi, wamemvingirisha kwenye blanketi lililoloa. Tukamlaza kwenye kivuli cha ukuta wangu. Alikuwa hai. Nyusi zimeungua, mikono imevimba malengelenge. Ndipo mkwewe akafika mbio kutoka shuleni, kiatu kimoja kimemtoka njiani. Alipiga magoti.

"Mama! Mama, unanisikia?"

Bibi alikohoa mpaka tukadhani anakata roho. Kisha akageuza uso kuelekea ile sauti ya nyundo, akasikiliza. Kwa yale masikio yake yaliyochoka, hilo alilisikia.

"Wanagonga nini?"

"Nguzo, mama. Ufunguo haupatikani."

Mkono wake ulioungua ukashuka taratibu kwenye pindo la nguo aliyojifunga kiunoni. Akawa anahangaika na fundo. Mshonaji akalifungua. Ufunguo ukadondokea kiganjani mwake.

"Mwanangu aliniambia nisimpe mtu," akasema Bibi. "Akasema, hata mkwe wako."

Mtu mmoja akaunyakua ufunguo, akakimbia nao. Nguzo ikachomolewa, gari likashuka. Lilipofika, paa lilikuwa limeshaingia ndani. Walizima moto usiingie kwangu, na kwa hilo nitawashukuru hadi kaburini. Nyumba ya mshonaji ilibaki kuta nne na fremu ya cherehani iliyopinda.

Fundi Zege alikuja na saruji nywelini. Alisimama mbele ya nyumba yake, mikono inaning'inia. Mkewe alikuwa bado ameketi chini na kichwa cha Bibi mapajani.

"Uliniogopa mimi?" akamuuliza.

"Nilisema mtu asijue. Ilikuwa ni utaratibu tu."

"Kumbe mimi ni mtu tu."

Baada ya Bibi kutibiwa, mshonaji alihamia kwa kaka yake, chumba cha uani. Tulidhani Bibi atabaki na mwanawe, kama ilivyo kawaida. Bibi akakataa. "Mimi namfuata anayenipikia," akasema, "hata kama ni moshi tu." Ndiye aliyetuchekesha siku ile, na wengine tulicheka huku tunalia.

Fundi Zege alizivunja nguzo zake mwenyewe. Alipiga nyundo peke yake kutwa nzima, na hatukujua kama tumsaidie au tumwache.

Mkutano wa pili ulipoitwa tulikwenda wote, tumevaa nguo za kutokea. Yule afisa alisoma kwa sauti ya chini, kama mtu asiyependa anachokisoma. Mtaa haufikiki na huduma za dharura, si salama kwa makazi. Akaonyesha picha, na zilikuwa picha za nguzo zetu. Kinyozi alisimama kusema, akazitazama zile picha, akakaa. Sababu ya kutuondoa tulikuwa tumeisimamisha kwa mikono yetu na kuijaza zege mpaka juu.

Tumeambiwa tuhame shule zikifungwa. Nyumbani kwangu sasa ni maboksi, na mwanangu ananiuliza shule mpya iko mbali kiasi gani.

Wiki hii nilikwenda kumwona mshonaji. Anashona kwa mkono, vidole vimejaa alama za sindano. Nilimkuta mumewe amekaa nje ya geti la shemeji yake, na inasemekana hukaa hapo kila jioni baada ya kazi. Mkewe humpelekea maji ya kunywa. Ndani bado hajamkaribisha. Na Bibi, amini usiamini, ufunguo anao, aliudai akarudishiwa. Umefungwa kwenye pindo la nguo yake. Ukimwomba anakukazia macho, anasema bado hajaambiwa ampe nani.

FUNZO

Nimesikia nyinyi wa ng'ambo ya mfereji rangi nyekundu imewafikia, na mmeanza kuchimba mashimo mdomoni mwa njia yenu. Nawaomba kama mama, fukieni mashimo hayo leo. Pingeni, lakini pingeni kwa kwenda. Wakiita mkutano, jazeni ule ukumbi, semeni mpaka sauti ziwakauke, kwa maana kiti chako kikiwa kitupu kuna mwingine atakayekusemea. Na mtu wa nyumbani kwako akiuliza swali gumu, mjibuni swali lake, msimpe jina. Sisi tuliliogopa ghorofa, tukaishia kuogopana wenyewe kwa wenyewe, na moto ulipokuja ukatukuta kila mmoja amejifungia kwa ufunguo asiojua uko wapi. Mtaa unaolindwa kwa kushukiana hauna wa kuulinda. Umeshabomoka, hata kama kuta bado zimesimama.