Kitanzi cha Tatu

Asubuhi katika chumba cha Shangazi ilianza na ufagio. Kabla ya chai, vinyuzi vyote vilivyodondoka jana vilitakiwa viwe vimefagiwa, madirisha yawe wazi na mbao za mitambo ziwe zimefutwa vumbi. Likizo ile wasichana walikuwa wawili na ufagio ulikuwa mmoja, na huo ndio ulikuwa ugomvi wa kwanza wa kila siku. Aliyeuwahi alifagia upande wake tu na kuusukumia uchafu upande wa mwenzake. Shangazi alipoingia alikuta vumbi limerundikana katikati ya chumba, na kila mmoja akiapa kwamba si lake.

Shangazi alifuma vitambaa kwa kuuza, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Binti yake, mwenye miaka kumi na minne, watu walimwita Bosi, kwa sababu tangu alipoanza kusema alisema kwa kuamuru. Msichana wa pili alikuwa mtoto wa kaka yake Shangazi, mwenye miaka kumi na miwili. Baba yake ndiye aliyemwita Chapuchapu. Kazi ya saa nzima aliimaliza kwa nusu saa, kisha akaitumia nusu saa iliyobaki kurekebisha alichoharibu.

Sababu ya chuki yao ilisimama kando ya dirisha. Ulikuwa mtambo mdogo wa kufumia, wa mbao iliyong'aa kwa kushikwa miaka mingi. Ulikuwa wa baba yake Chapuchapu, ambaye macho yake yaliingia ukungu mpaka akashindwa kuuona uzi. Aliuacha kwa dada yake na kurudi nyumbani. Bosi alijifunzia hapo, na kwa miaka miwili hakuna mwingine aliyekalia kigoda chake. Sasa Chapuchapu alikuwa amekuja na begi moja na maneno ya baba yake: mtambo ule ni wako, nenda ukajifunze.

Bosi alimwona ni mnyang'anyi. Chapuchapu naye alimwona binamu yake ni mtu aliyekalia kitu cha watu mpaka akasahau kwamba si chake. Juma la kwanza walitukanana. Juma la pili Shangazi alipiga marufuku matusi, basi wakanuniana. Hawakusalimiana wala kuombana chumvi mezani. Mmoja akitaka kupita, alisimama tu mpaka mwenzake asogee.

Jumatatu ya juma la tatu Shangazi alichoka. Aliwaita mbele ya mtambo mdogo na kuwaeleza kwamba zahanati imeagiza vitambaa kumi na viwili vya kufutia mikono. Wangeutayarisha mtambo wao wawili, yeye akiwa sokoni kununua uzi. Akirudi angefuma kipande kwa mkono wake, na kipande hicho kingemwonyesha nani anafaa kuukalia.

"Mtambo hauwezi kukaliwa na watu wawili kwa pamoja," alisema. "Nimechoka kuwatazama mkivimbiana. Leo jambo hili linaisha."

Kisha alimweleza Chapuchapu kazi ilivyo. Kitambaa kina nyuzi za aina mbili. Za urefu, ambazo ni mtande, hutangulia kufungwa mtamboni. Za upana, ambazo ni mshindio, hupitishwa katikati yake. Katikati ya mtambo zilining'inia fremu nne, moja nyuma ya nyingine, na kila fremu ilikuwa na vitanzi sitini. Mtande ulikuwa na nyuzi mia mbili na arobaini, na kila uzi ulitakiwa upite katika kitanzi chake: wa kwanza fremu ya kwanza, wa pili ya pili, wa tatu ya tatu, wa nne ya nne, kisha unaanza tena moja. Mtu mmoja hukaa nyuma na kutoa uzi mmoja mmoja. Mwingine hukaa mbele, huingiza ndoano katika kitanzi na kuuvuta.

"Bosi atashika ndoano, kwa kuwa anaijua. Wewe utatoa nyuzi. Na mhesabu kwa sauti, wote wawili," alisema Shangazi, akachukua kikapu chake na kutoka.

Hawakuhesabu kwa sauti. Kuhesabu pamoja ni kusemezana, na nani angeanza? Kila mmoja alihesabu moyoni mwake, na chumba kilikuwa kimya kama darasa wakati wa mtihani. Chapuchapu alitoa uzi, Bosi akauvuta. Walifika uzi wa themanini bila hata kutazamana usoni.

Hapo Bosi aliinuka kwenda kunywa maji. Aliporudi alimkuta Chapuchapu amekalia kigoda, na ndoano iko mkononi mwake. Alisimama mbele yake kama kawaida, akingoja asogee. Chapuchapu hakusogea. Kwani mtambo ulikuwa wa baba ya nani? Bosi angeweza kumwambia aondoke, lakini hiyo ingekuwa kusema naye. Alisonya msonyo mrefu, akazunguka nyuma na kuanza kutoa nyuzi kwa kuzirusha rusha.

Chapuchapu aliona raha. Ndoano iliingia na kutoka, na vidole vyake vikaanza kukimbia, kama ilivyokuwa tabia yake. Alipovuta uzi wa mia moja na mbili, Bosi alisonya tena. Chapuchapu alinyanyua uso na kumtupia jicho kali, wakakodoleana macho kwa muda. Aliporudi kwenye fremu, hesabu ilikuwa imemtoka. Alidhani ya tatu ameshaivuta. Akaingiza ndoano fremu ya nne na kuendelea.

Kutoka nyuma, Bosi aliiona fremu ya tatu. Kitanzi kimoja kilibaki kitupu katikati ya vingine. Alifungua kinywa, kisha akakifunga. Mwache, aliwaza, mama akirudi atajionea mwenyewe nani fundi na nani ni maneno matupu.

Mwisho wa kazi uzi mmoja ulibaki mkononi mwa Bosi, na hapakuwa na kitanzi cha kuupokea. Chapuchapu aliutazama uzi huo. Alijua maana yake: mahali fulani ameruka. Angeweza kusema, lakini angemwambia nani, huyu anayetabasamu nyuma ya nyuzi? Aliuchukua uzi ule na kuuchomeka pamoja na jirani yake katika kitanzi cha mwisho kabisa. Pembeni kule uzi mara mbili haukuonekana. Baada ya hapo walizipitisha nyuzi zote kwenye chanuo, lile linalozipanga na kuusukuma mshindio ukae, na wakazifunga mbele.

Shangazi aliporudi hakuvua hata viatu. Alikaa, akakanyaga kanyagio la kwanza, na fremu zikainuka zikafungua njia katikati ya nyuzi. Alipitisha chombo chenye bobini iliyozungushiwa mshindio, ambacho mle ndani walikiita mtumbwi kwa umbo lake, akavuta chanuo mara moja kwa nguvu. Kanyagio la pili, la tatu, la nne. Kitambaa kilianza kutokea, chenye mistari ya mshazari inayopanda kama ngazi. Lakini karibu na katikati, kila ngazi ilikatika, na kutoka hapo palishuka mstari wima usiopendeza.

Shangazi alisimamisha miguu. Aliuweka ukucha wake juu ya mstari ule na kuzitenga nyuzi mpaka akakifikia kitanzi kitupu.

"Nani ameruka ya tatu?"

Bosi alijibu upesi kwamba ni huyo, ameinyakua ndoano mwenyewe. Bahati mbaya ni kwamba Bosi alikuwa na historia. Sahani ikivunjika alisema paka, na uzi ukipotea alisema upepo. Shangazi alimtazama kwa jicho la kuchoka, akamgeukia Chapuchapu na kumuuliza kama ni kweli.

"Mimi nilikuwa natoa nyuzi tu, Shangazi, kama ulivyosema," alijibu Chapuchapu.

Maneno yalimtoka laini mno, hata yeye mwenyewe alishangaa. Bosi alimtazama kinywa wazi. Shangazi alimwambia binti yake kwamba kuruka kitanzi baada ya miaka miwili ni uzembe, na kumsingizia mdogo wake ni aibu. Tangu siku hiyo kazi yake ingekuwa kujaza bobini, na mtambo ungekaliwa na mwenye mtambo. Jumamosi Shangazi angempelekea kaka yake habari hiyo.

Kipande kilichoharibika kingekatwa kesho, lakini kwa sasa kilifaa kujifunzia miguu. Basi Chapuchapu alikaa kwenye kigoda alichokitamani majuma mawili. Shangazi alisimama nyuma yake akimwelekeza: usivute mshindio sana, pembeni patajikunja, uulaze kimshazari kidogo ndipo upige chanuo, mguu kwanza, mkono baadaye. Alijifunza haraka. Kwa nusu saa alikuwa amefuma kiasi cha kiganja.

"Una mkono wa baba yako," alisema Shangazi, akamshika bega.

Angempiga kofi ingekuwa nafuu. Kila alipovuta chanuo mstari ule mbaya ulirefuka, ukimjia kifuani. Hata angefuma mita mia, ungekuwa pale pale. Alimfikiria baba yake akipokea habari, kisha akiomba kitambaa akipapase, maana siku hizi aliona kwa vidole. Vidole vile vingeupata mstari kabla hajamaliza kusalimiwa. Kutoka kona ya bobini hakukusikika hata msonyo mmoja. Bosi alikuwa ameinamisha kichwa na machozi yanadondokea uzi. Chapuchapu bado alimchukia. Hilo ndilo lililomshangaza: alimchukia vile vile, na bado alijua amemfanyia ubaya.

Aliondoa miguu kwenye makanyagio.

"Shangazi, nimekudanganya. Ndoano nilikuwa nayo mimi. Niliichukua alipokwenda kunywa maji. Na uzi uliobaki niliuficha pembeni. Tazama kitanzi cha mwisho, zimo mbili."

Shangazi alitazama, akaziona. Kisha alimuuliza binti yake swali ambalo Bosi hakulitarajia: yeye aliyekuwa nyuma, hakuona?

Bosi alijifuta uso kwa kiganja. "Niliona," alisema. "Niliona pale pale aliporuka. Nilinyamaza kusudi aumbuke."

Shangazi alichukua mkasi, akakikata kile kipande na kukitundika kwenye msumari juu ya dirisha, mstari wake ukiwa wazi kwa kila anayeingia. Alisema hakuna atakayekikalia kigoda mpaka nyuzi zote baada ya ule wa mia moja na mbili zifumuliwe na kupangwa upya. Zilikuwa mia moja thelathini na nane. Na safari hii angekuwa chumbani, na angetaka kusikia hesabu.

Walianza asubuhi iliyofuata, Chapuchapu akiwa na ndoano, maana aliyeharibu ndiye aliyetakiwa kurekebisha. Walihesabu kwa sauti za watu wanaogombana. Bosi alisema "tatu" kama anayemtukana mtu, na Chapuchapu alijibu "tatu" kama anayerudisha tusi. Shangazi alifuma kwenye mtambo wake mkubwa, amewapa mgongo.

Walipobakiza nyuzi kama hamsini hivi, vidole vya Chapuchapu vilianza tena kukimbia. Ndoano ilipita fremu ya pili na kuelekea ya nne. Bosi aliuona mwendo wake. Kinywa kilifunguka kama jana yake. Shangazi alisimamisha miguu yake, lakini hakugeuka.

"Tatu," alisema Bosi. "Umeiruka tatu."

Ndoano ilisimama hewani. Chapuchapu aliirudisha nyuma, akakitafuta kitanzi na kuuvuta uzi.

"Tatu," alijibu. Kisha, bila kumtazama, akaongeza, "Asante."

"Usinishukuru. Hesabu."

Uzi wa mwisho ulipata kitanzi chake chenyewe. Shangazi alikuja, akafuma kiasi cha dole gumba, na mistari ilipanda kutoka ukingo hadi ukingo bila kukatika. Aliwasimamisha mbele yake.

"Sikuwaombeni mpendane," alisema. "Hilo litakuja au halitakuja, shauri yenu. Lakini tazameni kile kitambaa msumarini. Mmoja aliona kosa akanyamaza, mwingine alilijua kosa lake akalificha, na kosa halikumwonea haya hata mmoja wenu. Lingetembea na kitambaa mpaka mwisho. Kosa la uzi mmoja, likisemwa hapo hapo, hurekebishwa kwa pumzi moja. Likifichwa, mnafumua nyuzi mia na zaidi. Kwa hiyo ukikosea, sema. Ukimwona mwenzako anakosea, mwambie, hata kama humpendi. Hasa kama humpendi."

Kuhusu mtambo, alisema wangeutumia kwa zamu, mmoja asubuhi na mwingine mchana, mpaka baba yake Chapuchapu atakapoamua. Jumamosi alimpelekea kaka yake vitambaa viwili, kimoja cha kila msichana, na hakumwambia kipi ni cha nani. Aliporudi aliwaeleza kwamba kaka yake alivipapasa vyote viwili kwa muda mrefu, akatafuta kosa na asilipate, kisha akauliza ni nani aliyefuma. Shangazi alimjibu kwamba ni wale wawili wa dirishani.

"Akasema nini?" aliuliza Chapuchapu.

"Alisema mtambo uendelee na zamu."

Asubuhi iliyofuata Bosi alichukua ufagio. Alifagia upande wake, akafika katikati pale vumbi liliporundikana siku zote, akasimama. Kisha akaendelea kufagia mpaka mlangoni, uso umekunjwa vile vile, na kesho yake ilikuwa zamu ya Chapuchapu kufagia.