Pampu Iliyovuja Pumzi

Kila Jumamosi asubuhi, mama akishamaliza kusali, yeye na wanawe wawili walikwenda kumwagilia shamba la mboga. Kuwasha pampu ilikuwa kazi ya binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kiherehere, maana hakuna kazi iliyompita bila yeye kutia mkono. Mdogo wake aliitwa Redio. Huyo hakuzimika mpaka alale.

Siku hiyo Kiherehere alivuta kamba ya pampu. Injini ikakohoa, ikatoa mlio wa "fsss! fsss!" kisha ikanyamaza. Hakuna hata tone la maji lililotoka.

Mama aliitazama miche ya nyanya waliyoihamisha jana yake jioni. Majani yalikuwa yameanza kulegea. "Jua likipanda kabla hatujamwagilia, miche yote imekwenda," alisema. "Na kwa ndoo shamba lote hili hatuliwezi. Mkimbilie shangazi yako!"

Shangazi alikuwa fundi wa injini ndogo. Alifika na baiskeli yake, sanduku la vifaa likigongana nyuma. Alipaka povu la sabuni kuzunguka injini, akamwambia Kiherehere avute kamba polepole. Pembeni, chini ya kichwa cha silinda, kile kifuniko cha juu cha injini, mapovu yakafumka.

"Mwizi wetu huyo!" shangazi alicheka. "Gasketi imeungua. Nguvu yote inatorokea hapo."

"Gasketi ndiyo nini?" Redio aliuliza.

"Kipande chembamba kinachokaa kati ya silinda na kichwa chake, kuziba. Bahati nzuri ninayo mpya. Lakini ni hii moja tu, sikilizeni vizuri. Moja!"

Walifungua boliti, wakainua kichwa. Gasketi ya zamani ilikuwa na alama nyeusi mahali moto ulipopenya. Shangazi alikagua kichwa kwa rula ya chuma, akaridhika kuwa hakijapinda. Kiherehere alikwangua mabaki taratibu na kufuta kwa kitambaa mpaka chuma kikang'aa. Moyo ulimdunda kwa furaha. Leo alikuwa ndani ya injini yenyewe!

Shangazi aliweka gasketi mpya, akarudisha kichwa na kushika boliti kwa vidole. "Sasa kaza wewe, mwanangu. Kidogo kidogo, kwa mkingamo. Ukikaza hii, ruka uende ya upande wa pili, la sivyo gasketi itapondeka upande mmoja. Mimi naifuata spana ya kupimia mkazo kwenye baiskeli."

Alipogeuka tu, Redio akashika kopo mdomoni kama kipaza sauti. "Naam, wasikilizaji! Kiherehere ameshika spana! Je, atamaliza kabla fundi hajarudi? Hawezi! Mikono yake laini kama uji!"

"Uji wewe!" Kiherehere alijibu, akazungusha spana kwa nguvu. Boliti ya kwanza, mpaka mwisho. Ya jirani yake, mpaka mwisho. Redio akapiga kelele, "Goooli!"

Shangazi alirudi. "Umekaza kwa mkingamo?"

"Ndiyo, shangazi," Kiherehere alisema haraka.

Shangazi akaweka spana ya kupimia juu ya boliti. Kiherehere akaitazama miche iliyoinamisha vichwa. Akakumbuka, gasketi ni moja tu.

"Shangazi, subiri! Usikaze! Nimekudanganya. Nilikaza upande mmoja wote."

Redio akashusha kopo. Mama akaweka mkono kifuani.

Shangazi hakugomba. Alilegeza boliti zote, akainua kichwa, akaigeuza gasketi kwenye mwanga. Wote wakasogea kuiangalia.

"Haijapondeka," alisema hatimaye. "Ungeninyamazia kidogo tu, ningeimalizia kabisa. Haya, shika spana."

Safari hii Kiherehere alikaza kwa mkingamo, kidogo kidogo, na Redio akamtangazia kwa kunong'ona. Kisha shangazi akamsimamia akimalizia kwa spana ya kupimia. Wakapaka povu tena. Kiherehere akavuta kamba. Hakuna povu lililofumka! Akavuta kwa nguvu zote, na injini ikanguruma. Bomba likatetemeka kama nyoka aliyeamshwa, maji yakaruka na kumlowesha Redio kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Wasikilizaji, matangazo yamelowa!" alipiga kelele, na mama akacheka mpaka akafuta machozi. "Tumshukuru Mungu," alisema, akakimbilia kuelekeza maji kwenye miche.

Shangazi alifuta mikono yake, akamshika Kiherehere begani.

"Kukosea kukaza ni kwa kila anayejifunza, hata mimi nimekosea sana. Lakini uongo ni kama ule upenyo mdogo. Hauonekani, na nguvu yote ya kazi inatorokea hapo. Leo umeuziba mwenyewe, kabla haujaunguza kitu. Jumamosi ijayo njoo karakana kwangu, nina injini nyingine inakohoa."

"Nitakuja!" Kiherehere aliruka. "Tena asubuhi kabisa!"

"Njoo," shangazi alisema. "Ila redio iache nyumbani."