Kitanda cha Mjomba Hemedi

Mishi ana miaka sita. Leo yuko Lushoto, mlimani, kwenye nyumba kuukuu ya Babu na Bibi.

Zamani, joto likizidi kule Tanga, familia nzima ilikimbilia hapa. Sasa nyumba imechoka. Bati linavuja. Mlango unalia, kwiii!

"Mjomba wako Hemedi anakuja Jumamosi," anasema Bibi. "Aliondoka mdogo kwenda kusoma mbali. Sasa ni mwalimu, atafundisha hapa. Akiipenda nyumba, atakaa. Asipoipenda, atapanga chumba mjini."

Apange mjini? Mishi hataki hata kusikia!

"Haraka, Babu! Haraka, Bibi!"

Ko! Ko! Ko! Mjomba anakuja!
Ko! Ko! Ko! Nyumba bado!

Babu anapigilia bati. Bibi anapaka ukuta rangi, chwa, chwa. Mishi naye anapaka. Ukutani kidogo, puani tele!

Kisha Babu anatengeneza kitanda.

"Babu, mbona hupimi?"

"Nipime nini? Mwanangu namjua. Ananifikia hapa." Babu anagusa kifua.

"Lakini kwenye picha ya simu ni mrefu!"

"Aah, picha hizo!" Babu ana kichwa kigumu kweli.

Ko! Ko! Ko! Mjomba anakuja!
Ko! Ko! Ko! Nyumba tayari!

Jumamosi. Pii! Pii! Bodaboda hiyo!

"Shikamoo, Baba! Shikamoo, Mama!"

"Marahaba, mwanangu!"

Lo! Mjomba ni mrefu! Anainama ili apite mlangoni. Anajilaza kitandani.

Miguu yote iko nje!

Babu anashika kichwa. "Hemedi, umekua lini?"

Mishi anamshika Mjomba mkono. "Mjomba, usiende mjini!"

"Niende wapi?" Mjomba anacheka. "Baba yangu amenitengenezea kitanda. Leteni msumeno, tutengeneze kingine!"

Mishi anarukaruka. Safari hii anapima yeye, kwa kamba, toka utosini mpaka vidoleni.

Ko! Ko! Ko! Mjomba amekuja!
Ko! Ko! Ko! Mjomba anakaa!

Jioni, vitanda ni viwili. Kifupi ni cha Mishi, kinamtosha kabisa. Kirefu ni cha Mjomba.

Babu analeta blanketi. Anamfunika Mjomba mpaka mabegani.

"Baba, mimi mtu mzima!"

"Najua," anasema Babu, huku akichomeka blanketi pembeni. "Lala, mwanangu."

Na Mjomba Hemedi, mwalimu mzima, anafumba macho na kulala.