Vikwembe Viwili vya Mama Dorothée

Ndugu zangu, kila Jumapili baada ya misa uwanja wa parokia yetu hapa Kamina ulikuwa raha tupu. Wanaume walicheza mpira, na wasichana walijifunza ngoma ya sikukuu kwa Mama Kapinga, mke wa askari wa Base, kambi ya jeshi ya hapa. Mama Dorothée, mkuu wa kamati ya sikukuu, alimpenda sana Kapinga. Mkumbuke hilo.

Mwaka huu kamati iliamua wachezaji wote wa ngoma wavae kikwembe, yaani kitenge, cha aina moja. Kapinga hakuwa na uwezo. Dorothée alilijua hilo, akatenga vikwembe viwili, kimoja cha Kapinga na kingine cha binti yake, Priscille, aliyecheza pia. Hadi hapo, nani angemlaumu?

Lakini alitaka aonekane akitoa. Jumapili moja misa ilipokwisha alishika kipaza sauti.

“Bamaskini betu, mukuye mbele! Mama Kapinga, weye na mutoto wako!”

Kanisa zima likageuka. Priscille alikwisha kuinuka, mama yake akamshika mkono, wakatoka nje. Dorothée akabaki na nguo mikononi. “Maringo tu,” alisema, nasi tukaitikia kwa vichwa. Ndiyo, sisi pia.

Jumapili tatu Kapinga hakuonekana, na ngoma ikavurugika. Dorothée alianza kuisikia tena sauti yake mwenyewe, ile ya kwenye kipaza sauti. Akapanda pikipiki mpaka Base. Alimkuta Kapinga anafunga mizigo.

“Mama, unisamehe. Nimeleta bikwembe.”

“Minyi sikukatala bikwembe, Mama Dorothée. Ungeleta hapa nyumbani, ningekushukuru. Sasa bwana bamemuhamisha. Kesho tunapanda treni.”

“Na Priscille?”

“Iko ndani. Hachezi tena. Hata muziki ikilia kwa jirani, anafunga mulango.”

Dorothée aliita mara mbili. Mlango haukufunguliwa.

Siku ya sikukuu wasichana walicheza wakikanyagana. Watu walimshangilia Dorothée kwa maandalizi mazuri, naye akainamisha kichwa. Vikwembe viwili vilikuwa bado kwenye mkoba wake.

FUNZO

Furaha ya parokia ni ya wote. Mwenye shida tumpelekee nguo nyumbani kwake bila kumtangaza, au tumwache acheze kwa nguo aliyo nayo. Na tukimkosea mtu, twende siku ileile. Dorothée alingoja Jumapili tatu.